Mabadiliko ya binadamu hayakuishia Olduvai, yamo kwenye damu ya watu wa Mara

Ni vigumu kukaa Musoma kwa muda usimkute mtoto wa aina hii. Macho yake yana umanjano, tumbo limetangulia mbele, na umbo lake ni dogo kuliko la wenzake wa rika. Wiki mbili yuko shuleni, wiki ya tatu yuko kitandani analilia mifupa. Upepo wa ziwa ukipiga usiku kucha, asubuhi mama yake yuko juu ya bodaboda, mtoto amezungushiwa blanketi na kitenge, safari ya kwenda kuongezewa damu. Majirani wa Nyasho, Bweri au Makoko wanamjua mtoto huyo kwa jina, na wanajua ni majira gani humzidia. Wasichokijua wengi wao ni kwa nini anaumwa. Na wanaodhani wanajua, mara nyingi wanamnyooshea kidole mama.

Bunda na Butiama hali ni hiyo hiyo, isipokuwa barabara ni ndefu zaidi. Huko Mwibara kwenye vijiji vya kando ya maji, mtoto anaweza kuchanjwa chale kwenye viungo vilivyovimba kabla hajachomwa sindano hata moja ya kumpima.

Ugonjwa huo ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Makala haya yana hoja moja. Selimundu si mkosi wa ukoo wala kazi ya mchawi. Ni matokeo ya historia ndefu ya namna mwili wa binadamu ulivyobadilika ili mtu aweze kuishi pembezoni mwa maji yenye mbu. Historia hiyo inaeleweka vizuri, tena sehemu yake muhimu imeeleweka kwa damu ya watu wa Musoma wenyewe. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto wa Mara kuzaliwa leo, kuugua na kuzikwa bila wazazi wake kuambiwa kilichomuua.

Mchoro ulioishia njiani

Wanafunzi wa historia Tanzania wanafundishwa habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Wanafundishwa nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Wanakariri Homo habilis, Homo erectus, kisha Homo sapiens. Kwenye vitabu kuna ule mchoro wa viumbe waliojipanga mstari mmoja, wa kwanza ameinama, wa mwisho amesimama wima na mkuki mkononi. Hapo sura inafungwa, mwalimu anahamia Zama za Chuma.

Kosa la mchoro huo ni kumfanya mwanafunzi aamini kwamba kazi ilikwisha. Binadamu alisimama wima, akapata ubongo mkubwa, basi. Mtoto wa Bunda, anayekaa jirani kabisa na lango la Ndabaka la Serengeti, anakua akidhani habari ya mabadiliko ya binadamu ni ya mifupa iliyofukiwa upande wa pili wa mbuga, haimhusu yeye wala wadogo zake.

Inamhusu sana. Mwili wa binadamu haukuacha kubadilika alipoanza kulima na kufuga. Katika baadhi ya mambo ndipo ulipoongeza mwendo. Maziwa ni ushahidi mmoja. Kwa mamalia karibu wote, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupotea baada ya kuachishwa kunyonya. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff, wakiwemo wanasayansi wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki walipata badiliko lao wenyewe la kijeni, tofauti na lile la Ulaya, linalomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kumsokota. Badiliko hilo lilienea ndani ya takriban miaka 7,000 iliyopita. Ukilinganisha na umri wa Zinjanthropus, hiyo ni jana jioni.

Maziwa, hata hivyo, ni mfano mtamu. Mara ina mfano mchungu zaidi.

Hakuna masika yasiyo na mbu

Wahenga waliposema hakuna masika yasiyo na mbu, walikuwa wameishi na jambo ambalo wataalamu walikuja kulieleza kwa kirefu karne ya 20. Mwaka 1958 mwanaanthropolojia Frank Livingstone aliandika kwamba kilimo ndicho kilichoifungulia malaria mlango. Msitu mnene una kivuli, na mbu mkuu wa malaria wa Afrika hapendi kuzaliana kivulini. Watu walipofyeka msitu, wakachimba, wakaacha madimbwi yenye jua, wakajenga nyumba zilizosongamana karibu na mashamba, walimpa mbu huyo maji na chakula mahali pamoja.

Humo ndimo badiliko la selimundu lilipopata nafasi. Utafiti wa Daniel Shriner na Charles Rotimi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba lilianza kwa mtu mmoja tu, takriban miaka 7,300 iliyopita. Badiliko lenyewe ni dogo ajabu. Kati ya herufi takriban bilioni tatu za maandishi ya kijeni, herufi moja ilibadilika, kwenye sehemu inayoelekeza utengenezaji wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Wazao wa mtu huyo, na wazao wa wazao, walisambaa. Wasemaji wa lugha za Kibantu walilibeba pamoja na jembe na mbegu hadi kwenye Ziwa Viktoria, ambako vyungu vya mtindo wa Urewe vinaonyesha wakulima na wafua chuma walikuwapo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Wakafika wapi? Kwenye ghuba zenye matete, mito inayomwaga maji polepole, na bwawa kubwa la Mto Mara kabla haujaingia ziwani karibu na daraja la Kirumi. Nchi nzuri ya samaki na mtama. Nchi nzuri ya mbu pia.

Watoto 287 wa Musoma

Julai 1954, Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa Dar es Salaam akiongoza kuzaliwa kwa TANU. Mwaka huo huo, daktari kijana aitwaye Anthony Allison alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Allison alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya, akasomea udaktari Oxford. Alipozunguka kukusanya damu za watu, aliona jambo lililomkosesha raha: pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, waliobeba selimundu walikuwa wengi mno, huku nyanda za juu zenye baridi wakiwa wachache. Ugonjwa unaoua watoto unawezaje kuwa mwingi kiasi hicho? Jeni inayoua ilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Hapa kuna kitu kilikuwa kinaishikilia.

Jibu lake lilikuwa malaria. Aliwachukua Waluo 30 wa kujitolea, 15 wanaobeba jeni ya selimundu na 15 wasioibeba, akawaambukiza malaria kisha akawatibu. Kwa wasiobeba, 14 walipata vimelea kwenye damu. Kwa wanaobeba, wawili tu. Leo jaribio la namna hiyo lingepita kwanza kwenye kamati za maadili na maswali mengi, na ni haki lipite, lakini matokeo yake hayajafutika.

Kisha kukaja Musoma. Wilaya ya Musoma ya miaka ile ilikuwa kubwa kuliko ya sasa. Butiama ilikuwa ndani yake, haijawa wilaya hadi mwaka 2012. Takwimu alizozichapisha Allison mwaka 1956 zilihusu watoto wachanga 287 na watu wazima 654 wa huko. Kwa watoto, 189 hawakuwa na jeni hiyo kabisa, 89 waliibeba kutoka kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa wameirithi kwa wazazi wote wawili, yaani wagonjwa. Kwa watu wazima, 400 hawakuwa nayo, 249 waliibeba, na wagonjwa walikuwa 5.

Namba hizi zisipitwe haraka. Kati ya watoto, wagonjwa walikuwa watatu katika kila mia. Kati ya watu wazima, hawakufika hata mmoja katika kila mia. Wale wengine walikwenda wapi? Walizikwa kabla ya kukua. Angalia upande wa pili: wabebaji walikuwa asilimia 31 ya watoto, lakini asilimia 38 ya watu wazima. Nao hawakuongezeka kwa kuzaliwa ukubwani. Waliongezeka kwa sababu wenzao wasiobeba walipunguzwa na malaria njiani.

Huko ndiko kubadilika kwa binadamu kunakofanyika, si kwenye mchoro wa ukutani. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyepanga. Kila msimu wa mvua mbu walipita nyumba kwa nyumba, na waliobaki hai ndio waliozaa. Takwimu za Musoma ziliingia kwenye vitabu vya baiolojia vya vyuo vikuu duniani, na wanafunzi wa nchi ambazo hazijawahi kumwona mbu wa malaria wanazipigia hesabu hadi leo. Ni wangapi Musoma kwenyewe wamewahi kuzisikia?

Heri nusu shari

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliyerithi jeni hii kwa mzazi mmoja amepata nusu shari. Yeye ni mzima. Analima, anavua dagaa, anazaa, anazeeka, na huenda asijue maisha yake yote. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe yake nyekundu ya damu, chembe hiyo hujikunja mapema na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Kinga yake dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90.

Shari kamili inamwangukia aliyerithi pande zote mbili. Chembe zake nyekundu hujikunja zinapokosa oksijeni, hukakamaa, huziba mishipa midogo. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120. Yake huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana anaishiwa damu na macho yanageuka manjano. Miezi ya mwanzo huwa salama kwa sababu mtoto bado ana himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Inapopungua, dalili ya kwanza mara nyingi huja mikononi. Vidole vya mtoto wa miezi minane vinavimba kwa usiku mmoja, ngozi ya juu ya kiganja inang'aa kwa kutuna, na akiguswa analia kilio ambacho si cha njaa. Bibi anasema ni baridi. Mwingine anasema ameanguka mikononi mwa yaya. Siku tatu zinapita, uvimbe unashuka, habari inasahaulika hadi safari nyingine.

Kuna imani moja inayostahili kukatwa mara moja, kwa kuwa inaua: kwamba mtoto mwenye selimundu hapati malaria. Anayekingwa ni mbebaji. Mgonjwa mwenyewe akipata malaria huumia kuliko mtoto mwingine yeyote ndani ya nyumba. Chandarua kikiwa kimoja, ni chake.

Kidole kwa mama

Mtoto wa kwanza akifa, watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Wa pili akianza kuumwa vilevile, minong'ono inaanza. Ukoo wa mke una nini? Mama mkwe anakumbuka alivyompinga binti huyu tangu posa. Kuna ndoa zimevunjika kwa minong'ono hiyo, na mwanamke amerudi kwao na mtoto mgonjwa mgongoni, akiachiwa peke yake gharama za ugonjwa ambao nusu yake imetoka kwa baba.

Nusu, bila kupunguza hata chembe. Mtoto hawezi kuwa na selimundu kwa kurithi kwa mama peke yake. Wazazi wawili wazima kabisa, kila mmoja akiwa mbebaji, katika kila mimba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Na mimba haina kumbukumbu. Familia nyingi zimeelewa vibaya hesabu hii; wakishapata mtoto mmoja mgonjwa wanaamini watatu wanaofuata wamenusurika. Mimba ya pili huanza upya na nafasi ile ile, na ya tatu pia. Ndiyo maana nyumba moja ina watoto watano bila mgonjwa hata mmoja, na ya jirani ina wagonjwa watatu. Hapo ndipo mchawi anapopata kazi.

Wabebaji ni wangapi leo? Watafiti waliopima sampuli zaidi ya 17,000 za watoto wachanga kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020, walikuta takriban mmoja kati ya watano anabeba jeni hii, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ni mgonjwa. Kwa kiwango hicho, watu wakioana bila kupimana, ndoa moja kati ya 25 inakutanisha wabebaji wawili. Kwa kiwango alichokikuta Allison kwa watu wazima wa Musoma, ni karibu ndoa moja kati ya saba. Harusi saba za msimu mmoja wa mavuno, katika kata moja.

Mficha maradhi kilio humuumbua, na kwenye ugonjwa huu kilio kinakuja mara nyingi kwa mtoto mdogo ambaye hajui alichofichiwa.

Bei inayolipwa nyumbani

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 kwa mwaka. Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na elimu iliyopatikana ni kubwa. Lakini kwa mama wa Kiabakari gharama haihesabiwi kwa takwimu za taifa. Inahesabiwa kwa mbuzi aliyeuzwa, kwa siku za soko alizokosa, kwa ndugu walioombwa waje kuchangia damu na mmoja tu akatokea. Akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, na anayemsindikiza naye anahitaji pa kulala na ugali wa kula. Watoto wengine wameachwa kwa jirani. Mgonjwa mwenyewe anarudi darasani wenzake wakiwa wamemaliza mada mbili.

Sehemu kubwa ya mzigo huu ingepungua kwa vitu vya kawaida sana. Mtoto akijulikana mapema, anapewa penisilini ya kila siku hadi afikishe miaka mitano, chanjo ya nimonia, asidi ya foliki, dawa za kumkinga na malaria, na wazazi wanafundishwa kumpa maji mengi, kumkinga na baridi na kumwahisha hospitali akipata homa. Dawa ya haidroksiyurea inapunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Asipojulikana, makadirio ya Afrika ni kwamba nusu au zaidi hawaioni siku ya kuzaliwa ya tano.

Tiba kubwa zaidi zipo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Desemba mwaka huo huo Marekani iliidhinisha tiba ya kuhariri jeni yenyewe, kwa bei inayozidi dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Ni habari njema kwa sayansi. Kwa kaya ya mvuvi wa Majita, penisilini ina thamani zaidi mwaka huu.

Chandarua hakifuti jeni

Wapo wanaosema malaria ikitokomezwa, selimundu itaondoka yenyewe. Kwa muda mrefu sana, ndiyo, itapungua. Wamarekani weusi, ambao wazee wao walitolewa Afrika karne kadhaa zilizopita, hadi leo karibu mmoja kati ya 13 anabeba. Vizazi vyote hivyo, na bado. Halafu malaria nayo haijakaa ikisubiri. Kimelea hubadilika kwa haraka kuliko binadamu: dawa ya klorokwini iliachwa nchini mwaka 2001 baada ya kushindwa, SP iliyoifuata haikudumu muongo, na sasa Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili, vimepatikana vimelea vyenye badiliko linalopunguza makali ya dawa mseto. Mashindano yaliyoanza na jembe la kwanza yanaendelea.

Kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa watu ni kujua. Bahrain, nchi ndogo ya visiwa vya Ghuba yenye tatizo hili hili, iliweka mwaka 2004 sheria ya kupima kabla ya ndoa. Mara haihitaji kunakili sheria hiyo, na kumkataza mtu kuoa kwa sababu ya damu yake kungekuwa dhuluma. Hofu ya unyanyapaa ni ya kweli. Ila mbebaji mmoja kati ya watano maana yake ni kwamba karibu kila ukoo unaye. Wa kumcheka mwenzake hayupo. Makanisa yaliwahi kuwahimiza wachumba wapime virusi vya UKIMWI kabla ya kutangazwa, na watu wakazoea. Tone lile lile la damu linaweza kujibu swali la pili, halafu wachumba wakaamua wenyewe, macho yakiwa wazi.

Watoto wasisubiri harusi za watu wengine. Kuna vipimo vya haraka vya utepe vinavyotoa majibu kwa dakika chache, bila mashine wala umeme, na mkunga yeyote anaweza kufundishwa kuvitumia. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zinaweza kuviweka kwenye bajeti zao za afya, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, kipimo hiki na penisilini yake vinastahili kuwa kwenye kitita cha msingi kwa mikoa ya ziwa. Mtoto achomwe kisigino wodini, majibu yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, na baba aitwe ayasikie pamoja na mama. Atakayekosa wodini anarudi kwa chanjo akiwa na wiki sita, na mwezi wake wa sita, ambapo vidole vinaweza kuanza kuvimba, unakuwa bado haujafika.